Mbu Anavyomfuata Kuku kwa Harufu

Leo tuyaache mambo ya palizi na mbolea, tuingie kwenye banda la kuku, tena tuingie usiku. Adui tutakayemzungumza haonekani sana mchana. Mchana amejibanza nyuma ya mtungi, chini ya kitanda, au katika pembe yenye giza ya banda lenyewe. Jua likishatua anatoka. Hana taa, wala hana wa kumwonyesha njia, lakini anafika pale pale kuku wako walipolala, anachagua mahali pasipo na manyoya, anafyonza damu na kwenda zake.

Adui huyo ni mbu. Utasema, "Mbu tunamfahamu, ni huyo wa malaria." Hebu ngoja kidogo. Mbu wako wa aina nyingi, na kila aina ina chakula inachokipenda. Yule anayemtafuta kuku kwa bidii siye yule anayeleta malaria. Ukielewa jinsi anavyomtafuta, utaelewa pia ni wapi pa kumkatia njia, na hutapoteza fedha zako kwa dawa zisizohusika.

Habari ya fedha naisema makusudi. Mvua za masika zikishakolea, wafugaji hunijia wakiwa wamebeba kuku waliofumba macho. Mama mmoja alikuja na vifaranga sita ndani ya kikapu. Alikuwa amekwisha kununua vidonge vya rangi mbili, vile wanavyomeza watu, akavipasua na kumwaga unga wake katika maji ya kuku. Alifanya hivyo siku tano mfululizo, na vifaranga wakazidi kufa. Aliniambia kwamba kuku hao ndio waliokuwa wanunue sare za shule za watoto wawili. Fedha aliyotoa kwa vidonge ingetosha kuchangia chanjo ya kuku wake wote. Vifaranga walikuwa na ndui, na ndui haisikii dawa ile hata kidogo.

Ndui ya kuku huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana ambavyo haviuawi na dawa za antibayotiki. Huanza kama vipele vyeupe juu ya upanga wa kuku (sehemu ile nyekundu ya kichwani, wengine huiita undu), kwenye ndevu zinazoning'inia chini ya mdomo, kwenye kope na pembeni mwa mdomo. Vipele hukua vikawa kama chunjua, halafu hukauka na kuwa magamba meusi. Ipo pia ndui ya ndani, ambayo hufanya utando wa manjano kinywani na kooni. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu kuku hushindwa kumeza na hata kupumua. Kuku mkubwa mwenye ndui ya nje mara nyingi hupona baada ya majuma matatu au manne, ingawa mayai hupungua. Lakini kifaranga, kope zikishagandamana, haoni punje wala maji. Atakufa kwa njaa na chakula kiko mbele yake.

Sasa tazama jambo moja. Vidonda hivyo viko wapi? Viko kwenye upanga, kwenye ndevu, kwenye kope na mara nyingine miguuni. Mgongoni huvikuti kwa wingi. Kuku akilala, manyoya humfunika kama blanketi, na mdomo wa mbu haupenyi hapo kwa urahisi. Palipobaki wazi ni kichwani na miguuni. Kwa hiyo mahali pa vidonda panakuonyesha mlango alioingilia mgonjwa wako. Sisemi kwamba kila kidonda kimeletwa na mbu. Majogoo wakipigana hujeruhiana, na virusi huingia pia kwenye michubuko kutoka kwa magamba yaliyodondoka bandani. Lakini ndui ikitokea katika mabanda mengi ya kijiji kwa wakati mmoja, tena majuma machache baada ya mvua, usimtafute mchawi. Mtafute mbu.

Mbu mwenyewe haumwi ndui. Virusi hukaa tu kwenye mdomo wake, kama vile uchafu unavyobaki kwenye sindano isiyochemshwa. Anaweza kukaa navyo kwa majuma kadhaa, leo amemchoma kuku wako, keshokutwa wa jirani. Ndiyo maana kumfungia kuku mgonjwa mchana peke yake hakutoshi, kama usiku mbu wanaingia na kutoka wapendavyo.

Basi anampataje kuku gizani? Anamnusa.

Anayefyonza damu ni mbu jike tu. Dume hula maji matamu ya maua na ya mimea, na jike naye hula hayo hayo, ila akitaka kutaga huhitaji damu ili mayai yake yakomae. Kichwani mwake ana vipembe viwili vyembamba vyenye malaika mengi. Kila laika lina vitundu vidogo mno, na humo ndimo harufu huingia. Karibu na mrija wa kufyonzea damu ana vipapasio vingine viwili, na hivyo kazi yake kubwa ni kunusa pumzi. Kwa hiyo usitafute pua ya mbu mahali pa pua. Pua yake ni hivyo vipembe na vipapasio.

Kitu cha kwanza kinachomwamsha ni pumzi. Kila mnyama akitoa pumzi hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo katika pumzi ya binadamu ni nyingi kiasi cha mara mia moja kuliko iliyomo katika hewa ya kawaida, na kuku naye hutoa kwa wingi. Kuku ishirini waliolala katika banda moja wanapumua usiku kucha. Ile hewa inatoka katika nyufa za banda na kuchukuliwa na upepo. Haisambai sawasawa kama maji yaliyomwagwa juu ya sinia. Inakwenda kwa mafungu mafungu, kama moshi wa jiko unavyopinda, ukakatika, ukaungana tena. Mbu aliye mbali, hata makumi ya mita, akikutana na fungu moja hugeuka na kuruka kuufuata upepo kule unakotoka. Akilipoteza, huyumba kushoto na kulia mpaka apate fungu jingine. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, hadi mlangoni.

Kama unataka kuiona njia hiyo kwa macho yako, fanya hivi. Usiku mmoja ambao upepo si mkali, kuku wakishalala, chukua kijinga kinachotoa moshi, simama nje ya banda upande ule hewa inakotokea, utazame moshi unakokwenda. Angalia moto usikaribie makuti wala nyasi. Kule moshi unakoelekea ndiko harufu ya kuku wako inakokwenda kila usiku, na mbu watapanda kwa njia hiyo hiyo. Pwani, usiku hewa hutoka bara kuelekea baharini, huo upepo wa umande mnaoujua. Milimani, hewa ya baridi huteremka bondeni. Ukikuta moshi wako unaangukia moja kwa moja kwenye dimbwi, kwenye shimo la matofali lililojaa maji, au kwenye choo kisichofunikwa, basi umekuwa ukiwaita mbu kwenye karamu bila kujua.

Lakini pumzi haimwambii mbu ni mnyama gani. Ng'ombe anapumua, mbwa anapumua, nawe unapumua. Kila mmoja ana harufu yake, na hapo ndipo mbu hutengana na mbu mwenzake. Yule anayependa kuku ni hasa mbu aitwaye kuleksi, mbu wa rangi ya kahawia anayezaliana kwenye maji machafu, anayetusumbua kwa mlio wake masikioni usiku wa manane. Utamtambua akitua ukutani: mwili wake hulala sambamba na ukuta. Mbu wa malaria, yaani anofelesi, hutua ameinua kiuno juu kama mtu anayepanda mpunga.

Mwaka 1933... hapana, tuanze na kuku mwenyewe. Tazama kuku anapojisafisha jioni. Anapeleka mdomo juu ya mkia, anaukamua mahali fulani, kisha anapitisha mdomo kwenye manyoya. Pale pana kinundu kidogo cha mafuta, na mafuta hayo humkinga na mvua. Mafuta ya manyoya na ya ngozi yakikutana na hewa hubadilika na kutoa mvuke wenye harufu. Katika mvuke huo imo kemikali moja iitwayo nonanali. Kwa pua zetu harufu yake si kitu, ina ukaribu na harufu ya ganda la chungwa. Kwa pua ya kuleksi ni kengele.

Hayo yalichunguzwa huko Marekani katika Chuo Kikuu cha California, Davis, na watafiti Zainulabeuddin Syed na Walter Leal, na matokeo yalitolewa mwaka 2009. Walikusanya harufu ya kuku, ya njiwa na ya watu, wakazichambua, kisha wakapima vipembe vya mbu wa aina ya kuleksi vinaitika kwa harufu ipi. Kwa kuku, kwa njiwa na kwa watu pia, harufu iliyojitokeza kuliko nyingine ilikuwa nonanali, na vipembe vya mbu viliisikia hata ikiwa kidogo sana. Halafu wakaweka mitego nje. Mtego uliotoa hewa ya ukaa pamoja na nonanali ulinasa kuleksi zaidi kwa nusu nzima na kupita, ukilinganishwa na mtego wenye hewa ya ukaa peke yake. Kwa maneno mengine, pumzi humwambia mbu, "Njoo, huku kuna kiumbe hai," nayo harufu ya ngozi na manyoya humwambia, "Ni chakula chako hasa."

Akishafika karibu, vitu vingine humsaidia. Mwili wa kuku una joto la kama nyuzi 41 za Selsiasi, kupita wako wa nyuzi 37. Joto hilo na unyevu wa pumzi humwelekeza mahali penye ngozi tupu. Hapo kazi imekwisha.

Umesikia kwamba harufu ile iko kwa kuku na iko kwa watu pia. Usilipite neno hilo haraka, maana linahusu nyumba yako yote. Kuleksi hana mpaka kati ya banda na chumba cha kulala. Mwaka 1937, katika jimbo la West Nile nchini Uganda, waganga walichukua damu ya mama mmoja mwenye homa na wakagundua virusi ambavyo havijapata kujulikana. Baadaye ilifahamika kwamba virusi hivyo huishi ndani ya ndege, na mbu aina ya kuleksi ndio wanaovitoa kwa ndege na kuvipeleka kwa watu. Watu wengi wakivipata hawaoni dalili yoyote, wachache huugua vibaya mpaka ubongo. Mwaka 1999 virusi hivyo vilifika New York, vikaua kunguru na watu pia. Ndiyo sababu Wamarekani wakawa na haraka ya kujua mbu ananusa nini.

Huku kwetu pwani kuleksi tunamjua kwa ubaya mwingine. Yeye ndiye mmoja wa wanaoeneza minyoo ya matende na mabusha, kuanzia Mombasa, Tanga na Unguja mpaka kusini. Minyoo hiyo haitoki kwa kuku, hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Lakini mbu ni yule yule, na damu ya kuku wako inaweza kumpa mayai. Kwa hiyo unapozuia mbu bandani hufanyi kazi ya kuku peke yake.

Hapa huja swali ambalo wakulima huniuliza mara kwa mara, tena wengine huuliza huku wanacheka: "Bwana shamba, tumesikia kuku anafukuza mbu wa malaria. Je, tumlaze chumbani?"

Habari hiyo haikuzuka hivi hivi. Watafiti wa Ethiopia wakishirikiana na wenzao wa Sweden walifanya kazi katika vijiji vya magharibi mwa Ethiopia, na walitoa matokeo mwaka 2016. Walikamata mbu wa malaria wa aina ya arabiensi, wakapima damu iliyomo matumboni mwao. Damu ya ng'ombe ilikuwamo, na ya watu, na ya mbuzi na kondoo pia, lakini ya kuku karibu haikuwamo kabisa, ingawa kuku walikuwa wamejaa vijijini. Kisha wakaweka mitego karibu na vitanda vya watu waliolala ndani ya vyandarua. Mtego uliokuwa na kuku hai ndani ya tundu pembeni yake, au uliowekewa baadhi ya harufu zilizotolewa kwenye manyoya ya kuku, ulinasa mbu wa malaria wachache kuliko mtego usio na kitu. Yaani mbu yule huisikia harufu ya kuku, akaelewa kwamba hiki si chakula chake, akageuka.

Sasa fikiri. Harufu inayomgeuza anofelesi ni harufu ya mnyama yule yule anayemvuta kuleksi. Ukimlaza kuku chumbani, unaweza kumpunguza mgeni mmoja huku umemkaribisha mwingine. Ongeza vumbi la kinyesi, viroboto na utitiri, na watoto wadogo wanaotambaa sakafuni. Isitoshe, hata katika uchunguzi ule watu walilala ndani ya chandarua. Ushauri wangu ni huu: kuku akae bandani kwake, nawe ulale ndani ya chandarua chenye dawa. Huenda siku moja wataalamu watatutengenezea dawa ya kupaka iliyotokana na harufu ya kuku, na hiyo itakuwa habari njema. Kumfunga jogoo miguuni pa kitanda si dawa hiyo.

Haya, tufanyeje? Wapo wanaojaribu kuondoa harufu yenyewe. Wanaosha banda kwa sabuni ya manukato, wananyunyiza mafuta haya na yale. Ni kazi bure. Kuku atanuka kuku tu, na pumzi huwezi kumzuia. Moshi wa kivumbasi au wa maganda ya nazi unasaidia kidogo, unachanganya harufu kwa saa chache, lakini moshi mwingi ndani ya banda lililofungwa unaumiza mapafu ya kuku, na kuku ana mapafu mepesi kuharibika. Ukitaka, panda kivumbasi kuzunguka banda. Hakitafanya miujiza, lakini hakidhuru.

Nguvu zako nyingi zipeleke kwenye maji. Kuleksi hutaga mayai yake yakiwa yameshikamana kama kijahazi kidogo cheusi kinachoelea, na kijahazi kimoja chaweza kuwa na mayai mia moja, hata zaidi ya mia mbili. Katika joto letu, tangu yai mpaka mbu mwenye mabawa huwa ni kama siku saba hadi kumi. Basi hesabu ni nyepesi: maji yoyote yanayosimama juma zima karibu na banda yanazaa mbu. Chombo cha kunyweshea kuku kimwage na kukisugua kila siku. Vifuu vya nazi, makopo, sufuria iliyotoboka nusu, tairi la zamani lililowekwa juu ya paa kuzuia bati, vyote hivyo ni viwanda vya mbu. Nimekwenda kwenye nyumba moja nikakuta kila kitu kimefagiwa safi, na tairi liko juu ya paa la banda lenyewe, limejaa viluwiluwi. Tairi litobolewe chini, au liwekwe jiwe mahali pake. Pipa la maji ya mvua lifunikwe kwa kitambaa chepesi na kufungwa kamba. Kama una bwawa, weka perege, watakula viluwiluwi na wewe utakula perege.

Choo cha shimo chenye maji ndicho kiwanda kikubwa kuliko vyote, hasa kwenye vijiji ambavyo maji ya ardhini yako karibu. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga punje nyeupe nyepesi za plastiki ya povu ndani ya vyoo na mashimo ya maji machafu. Punje zile zilielea zikafunika maji yote kama mfuniko. Mbu hakupata pa kutagia, na viluwiluwi vilivyokuwamo havikupata hewa. Pamoja na dawa za minyoo walizopewa watu, matende yakapungua sana mahali pale. Wewe unaweza usipate punje hizo, lakini mfuniko mzuri wa tundu la choo unaweza kuupata kwa fundi yeyote wa kijijini, na bomba la hewa ulifunge wavu juu.

Kuhusu banda, kumbuka ule moshi. Unapojenga jipya, lisiwe mahali ambapo hewa ya usiku inabeba harufu yake kuipeleka kwenye dimbwi au bonde la mpunga, na tena lisiwe ubavuni mwa chumba cha kulala. Ikiwa huna nafasi ya kuchagua, na wengi hatuna, basi fukia dimbwi. Kuta za ndani zipake chokaa. Mbu aliyeshiba damu ni mzito, hawezi kuruka mbali, hutua ukutani apumzike. Juu ya ukuta mweupe utamwona asubuhi na utamwua, na zile nyufa za giza anazozipenda zitakuwa zimezibwa. Usiwarundike kuku. Kadiri wanavyokuwa wengi mahali padogo, ndivyo pumzi inavyokuwa nzito na kuitika mbali.

Vifaranga ndio wa kuangaliwa kuliko wote, kwa sababu manyoya yao hayajawafunika. Wavu wa kuku wenye matundu makubwa unazuia kicheche, hauzuii mbu. Tundu la vifaranga lifunikwe usiku kwa kipande cha chandarua kikuukuu ambacho hakifai tena kitandani. Nasema kikuukuu. Usije ukachukua chandarua kizima cha mtoto ukampa kifaranga.

Kuku akishapata ndui, mtenge. Usimbandue magamba, kwa kuwa virusi hukaa hai ndani ya magamba makavu kwa miezi mingi, nawe utakuwa unapanda mbegu bandani. Magamba yaliyoanguka yafagie uyachome pamoja na takataka. Macho yaliyogandamana yaoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na kifaranga asiyeona mlishe kwa mkono na kumchovya mdomo majini mara kadhaa kwa siku. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo inayookoa vifaranga, wala si vile vidonge vya rangi mbili. Ndui hii haiambukizi watu, kwa hiyo usiogope kumshika, ila nawa mikono kabla ya kuwagusa wazima.

Na ipo chanjo. Hutolewa kwenye utando wa bawa, ile ngozi nyembamba isiyo na manyoya, kwa kisindano chenye ncha mbili kinachochovywa kwenye dawa na kutoboa mara moja. Vifaranga wa majuma sita hivi na kuendelea huchanjwa, kabla ya mvua, wangali wazima. Hata kama ndui imekwisha kuingia kwa kuku wachache, bado inafaa kuwachanja haraka wale ambao hawajaugua, maana ndui hutembea polepole. Shida ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi, na ikishachanganywa haikai, inatumika saa ile ile. Kwa hiyo msichanje mmoja mmoja. Kaeni nyumba kumi au kumi na tano, mchange, mmwite mtaalamu wa mifugo siku moja asubuhi, kuku wakiwa hawajafunguliwa. Soma maelezo ya kwenye chupa au mwombe akusomee, na dawa ibebwe kwenye chombo chenye barafu.

Baada ya siku saba hadi kumi, mshike kuku kadhaa uwaangalie pale bawani. Ukiona kivimbe kidogo chenye gamba, chanjo imeshika. Usipoona kitu kwa kuku wengi, chanjo haikushika, huenda iliharibika kwa joto njiani, na inabidi kurudia. Fanya ukaguzi huo, ndugu mkulima, kwa sababu wengi huchanja wakaenda zao, halafu masika yakija hushangaa.

Mazungumzo yajayo yatahusu viroboto wanaong'ang'ania kwenye kope za kuku, ambao wafugaji wengi huwadhania kuwa ni ndui. Kama unao bandani, mshike kuku mmoja mchana na umtazame vizuri kabla ya siku hiyo.